Bwana, Karanga Zinaisha

Mwezi uliopita mama alihama nyumba, na kwa kuwa mama hajawahi kutupa kitu tangu nimfahamu, maboksi yalikuwa mengi kuliko vyombo. Boksi moja dogo alinipa mkononi, akaniambia hili ni lako, kalifungulie kwako. Nilipofika nyumbani nikabandika maharage, nikachukua kisu nikakata selotepu. Kabla sijaona kilichomo, harufu ilinifika puani: mafuta ya karanga ya siku nyingi, yamechacha kidogo, yamechanganyika na vumbi. Basi, mtu mzima mimi, nikakaa chini sakafuni. Maharage yaliungua, na nilisikia kabisa yakiungua, sikunyanyuka.

Ndani ya boksi kulikuwa na kinyago cha nusu uso kilichotengenezwa kwa kipande cha kibuyu. Kina pua ndefu iliyopinda upande wa kushoto, matundu mawili ya macho, na juu ya macho mikunjo iliyochorwa kwa ncha ya kisu, mikunjo ya mtu anayeona kila anayepita anamwibia. Kinyago hicho alikitengeneza babu yangu mzaa baba, mkulima wa uwele na karanga wa upande wa Mvumi, ambaye hakuwahi kuingia kwenye ukumbi wa maonyesho maisha yake yote. Alikipaka mafuta ya karanga ili kisipasuke kwa jua letu la Dodoma. Nikitaka kueleza kwa nini kilinikalisha chini, itabidi nianze na mama na masomo yake.

Wakati ule tulikuwa tunakaa Area D, Dodoma mjini, nami nilikuwa darasa la pili. Baba alikuwa karani wizarani. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeomba ruhusa ya masomo akaenda chuo kikuu kusomea sanaa za maonyesho, na majirani walilizungumza jambo hilo kuliko walivyozungumza bei ya unga. Mwanamke mzima, ana mume, ana mtoto, anapanda bajaji asubuhi na begi mgongoni kwenda kujifunza maigizo. Mama hakuwajibu. Aliwasalimia, akacheka nao, akapita. Nyumbani ndipo alipokuwa hacheki.

Kilichomnyima raha ni mchezo wa kuchekesha. Mwaka ule walikuwa wanasoma tamthilia moja ambayo asili yake, mama alinieleza akinisuka nywele, ni mchezo wa zamani sana wa Waitaliano, wa enzi za watu kuigiza sokoni juu ya mbao wamevaa vinyago vya ngozi. Mwandishi wa siku hizi akauchukua, akaupanga upya kwa ajili ya jukwaa, na ulipofika huku kwetu ukavishwa kanzu na khanga. Ndani yake kuna mzee tajiri, bahili wa kupindukia. Anataka kujua nani anampenda kweli, kwa hiyo anajilaza na kujifanya amekufa. Mtumishi wake, ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana, anaachwa peke yake alinde maiti, na pembeni ya maiti kuna sinia la pilau ya wafiwa. Mtumishi anaanza kuonja. Kisha anakula. Maiti anasikia pilau yake inavyotafunwa na hawezi kusema neno, mpaka uchungu wa mali unamzidi, anapiga chafya na kuinuka.

Sehemu hiyo ndiyo mama aliyopangiwa kuiongoza jukwaani mbele ya walimu wake mwishoni mwa mwaka. Alikwisha kuijaribu darasani, na wenzake, watoto wa juzi wanaocheka hata mtu akijikwaa, walimtazama kimya. Mwalimu wake akamwambia maneno machache tu: mtumishi wako anakula kama mtu aliyeshiba. Mama alirudi nayo nyumbani maneno hayo, akalala nayo, akaamka nayo. Ruhusa yake ya masomo ilikuwa inaisha. Akishindwa hakuna cha kurudia mwaka. Anarudi shuleni bila shahada, na mtaa mzima unapata la kusema.

"Mnyamwezi ameshindwa kuchekesha watu," baba alimwambia wakati wa chakula. "Mimi nilioa nini sasa?"

"Ulioa mtu aliyekufundisha kunawa mikono," mama akamjibu, lakini bila nguvu zake za kawaida.

Nyumba yetu ilikuwa hivyo. Baba Mgogo, mama Mnyamwezi wa Tabora, na makabila hayo mawili ni watani. Anayesoma hapa na hana watani, namwonea huruma. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wageni ukacheka, anaweza kuchukua kuku wako ukamsindikiza, na ukifiwa anakuja kufanya vituko kwenye msiba wako na hakuna wa kumkemea, kwa sababu ndiyo kazi yake. Wazazi wangu walikuwa wanatukanana kwa mapenzi asubuhi na jioni. Niliyaona hayo ndiyo maisha ya ndoa, na nilipokwenda kwa rafiki zangu nikakuta baba na mama wanaongea vizuri, nilidhani wamegombana.

Ndipo Babu akaletwa kwetu. Moyo wake ulikuwa umechoka, na hospitali ilikuwa karibu na sisi kuliko na yeye. Alikuja na fimbo yake, koti lake la kahawia la baridi na jua, na gunia la karanga za shambani kwake, kwa sababu aliamini mjini hakuna karanga za maana. Mchana kutwa alilala kwenye kochi refu la sebuleni. Nikirudi shuleni nilitupa begi nikaenda kukaa miguuni pake.

Mimi na Babu tulikuwa na mambo yetu. Aliniita mke wangu, kama babu wote wanavyowaita wajukuu wao wa kike, ila yeye alilifanyia kazi jina hilo. Alinilaumu kwamba chai haina sukari, kwamba namwangalia mtoto wa jirani, kwamba atanirudisha kwetu akadai mahari yake kwa baba yangu. Nami nilimwambia hana meno, sitaki mume wa uji. Mdomo nilikuwa nao, siwezi kukataa. Babu na mjukuu ni watani nao, kwa hiyo nilikuwa na ruhusa ya kusema lolote, na nilisema.

Mama hakuwa na ruhusa hiyo. Yeye kwa Babu alikuwa mkwe, na kwa wazee wetu mkwe wa kike na baba mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Mama alimsalimia akiwa amechuchumaa kwenye mlango wa jikoni, khanga mabegani, macho chini. "Shikamoo, baba." "Marahaba, Mama Nyemo. Mmeamkaje?" Chakula chake nilipeleka mimi. Dawa zake alimpa baba. Sikuwahi kumwona mama amekaa kochi moja na Babu, wala kumshika mkono, wala kumpita kwa mbele. Mtu asiyejua angedhani hawapatani, kumbe ile ndiyo ilikuwa heshima yenyewe, na Babu aliipokea kama mtu anayepewa zawadi kila siku.

Mchana mmoja mama alikuwa jikoni anakaanga karanga kwenye mchanga, huku akijaribu maneno ya mchezo wake peke yake, mtumishi kwa sauti nyembamba, maiti kwa sauti nzito. Babu akamsikia.

"Mama Nyemo," akaita kutoka kwenye kochi, "huyo maiti wako anaongea sana."

Mama akaacha kukaanga. Nilimwona amejishika mdomo. "Samahani, baba. Ni masomo ya chuo."

"Masomo gani ya kufa?"

Ikabidi mama aeleze, akiwa amesimama nyuma ya pazia la mlango, mchezo wote tangu mwanzo. Babu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyo mzee wa Kiitaliano, ana shamba?" Mama akasema ana mali nyingi. "Na anajifanya amekufa ili awasikie?" Ndiyo, baba. Babu akacheka mpaka akakohoa, na nikampigapiga mgongoni. "Sasa wewe unahangaika na nini? Maiti unaye hapa. Kulala ndiyo kazi yangu siku hizi."

"Haiwezekani, baba. Mimi ni mkweo. Nitasimamaje mbele yako nikuite bahili?"

"Wewe huwezi," Babu akasema. "Mke wangu huyu anaweza."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya utumishi. Pilau tuliiacha, tukaweka bakuli la bati lenye karanga za moto juu ya kigoda karibu na kichwa cha Babu. Mama alinifundisha maneno, na baadhi nimeyasahau, ila moja sijalisahau. Kila mtumishi anapoona bakuli limepungua anamwinamia maiti na kumnong'oneza, "Bwana, karanga zinaisha." Anasema kwa huruma kabisa, kama anayempa taarifa. Anakula tena, anamwinamia tena.

Babu hakuridhika kulala uso wazi. Mama alikuwa amemweleza habari za vinyago vya zile mbao za sokoni, na yeye akataka pua yake. Akaagiza kibuyu kilichopasuka, akakikata, akakisugua kwa kipande cha chupa mpaka kingo zikawa laini, akakipaka mafuta. Siku aliyokivaa mara ya kwanza baba alirudi kazini, akafungua mlango, akamkuta baba yake mzazi amelala na pua ya kibuyu, khanga mpaka kidevuni, mimi pembeni nimejaza mashavu. Alirudi nje akakaa kibarazani mpaka tulipomaliza.

Tulifanya hivyo michana mingi sana. Nilijua kila kitu chake pale chini ya khanga: pumzi inavyopiga mluzi puani, kidole cha mkono wa kulia kinavyotikisika. Na kwa kuwa alikuwa Babu, alianza kunifanyia ujanja. Mchezo ulisema aamke karanga zikifika nusu. Yeye akawa hafanyi hivyo. Nilikula, nikamwinamia, bwana, karanga zinaisha, kimya. Nikala tena. Kimya. Nikaanza kuona bati chini ya karanga, nikamtazama kifua kama kinapanda. Nilipofika chini kabisa, karanga moja imebaki, mkono wake ulichomoka kama nyoka ukanikamata, akapiga chafya, akanguruma, "Mwizi wewe, niachie karanga zangu!" Nilipiga kelele za furaha mpaka majirani wakasikia. Sijui kama nimewahi kufurahi tena namna ile.

Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni kila siku na kalamu yake. Aliona kwamba baba akitazama anacheka, kwamba hata jirani aliyekuja kuazima kinu alicheka, na hakujua sisi tunafanya nini ambacho wenzake wa chuo hawafanyi. Mara moja aliniuliza, "Nyemo, ukifika chini ya bakuli unakuwa unawaza nini?"

"Nawaza Babu aamke."

"Sawa," mama akasema, akaandika kitu kingine kuhusu mikono yangu.

Kisha asubuhi moja baba akampeleka Babu hospitali kama kawaida, na jioni baba akarudi peke yake na lile koti la kahawia mkononi. Alichuchumaa mbele yangu, akaniambia Babu amefariki. Nilimwangalia, nikamuuliza, "Nani analinda chakula?" Baba akanikumbatia na kumwambia mama kwamba mtoto amechanganyikiwa. Sikuwa nimechanganyikiwa hata kidogo. Nilikuwa najua zaidi yao. Niliona mama analia, wageni wanaingia, watu wanasema jinsi Babu alivyokuwa mtu mwema, na yote hayo yamo kwenye mchezo, sehemu ya kwanza. Mzee anajilaza ili awasikie.

Kijijini nilizidi kuamini. Turubai lilikuwa limefungwa, watu wamejaa, mchungaji amefika na Biblia yake, na katikati ya vilio nikasikia kicheko. Akaja mzee mmoja Mnyamwezi, jirani wa Babu wa miaka mingi, amevaa lile koti la kahawia, ameshika fimbo ya Babu, anatembea kwa mwendo wa Babu kabisa, anakohoa kikohozi chake. Akasimama mbele ya wanawake akawauliza kwa sauti ya Babu kwa nini wanalia wakati uwele haujavunwa. Wanawake wakacheka huku wanajifuta machozi. Leo najua alikuwa mtani anafanya kazi yake, na aliifanya vizuri. Siku ile niliona kitu kimoja tu: watu wameshavaa, mchezo umeanza, na mtumishi hayupo mahali pake.

Nikaenda nyuma ya nyumba kwa wapishi. Nilimwomba shangazi, dada yake baba, karanga za kukaanga. Alidhani nina njaa, maskini, akanijazia bakuli la bati na kunipapasa kichwa.

Jeneza lilikuwa sebuleni juu ya viti, wazi upande wa uso, na wanawake wamekaa kwenye mikeka kuzunguka. Babu alikuwa amevaa shati jeupe ambalo sikulijua. Hakuwa na pua yake ya kibuyu, ile iliachwa mjini, lakini hata bila pua alikuwa amelala vilevile tulivyozoea. Nikavuta kigoda. Nikaweka bakuli karibu na kichwa chake. Nikatia karanga mdomoni, nikatafuna kwa sauti kama nilivyofundishwa, nikamwinamia.

"Bwana," nikanong'ona, "karanga zinaisha."

Pembeni yangu mwanamke mmoja akaguna, mwingine akacheka. Shangazi akasema, "Mwacheni, mjukuu anamtania babu yake." Na wote wakaelewa, kwa sababu ni desturi, na wakafurahi kwamba kuna mtoto siku hizi anayeijua. Wakasogea kutazama. Yule mzee mwenye koti akaja mlangoni akanitia moyo, "Kula, kula, mwenyewe alikuwa mchoyo." Kicheko kikajaa chumba. Nilikula nikiwa nimemkazia macho kidole chake cha mkono wa kulia.

"Bwana, karanga zinaisha."

Hakukuwa na mluzi puani. Nikajiambia leo ameamua kunifanyia ule ujanja wake mrefu, mbele ya watu wote hawa, ili anishtue vizuri. Basi nikaongeza mwendo. Karanga zilikuwa hazipiti, nikazisukuma kwa mate. Watu walikuwa hawana mbavu. Bibi mmoja alikuwa amemlalia mwenzake begani kwa kucheka. Kila nilipomwinamia Babu walicheka zaidi, na mimi nilizidi kuogopa, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona bati. Nilitamani wanyamaze ili anisikie. Nikabakiza karanga moja. Nilingoja. Niliungoja sana ule mkono, nimemwekea wangu karibu kabisa ili asipate shida kuukamata. Haukuja. Nikaila ile karanga.

"Bwana," nikasema, na sasa nilisema kwa nguvu, "zimeisha."

Mama alikuwa amekaa ukutani, mbali, mahali pa wakwe. Ni yeye peke yake mle ndani aliyejua maneno yale yametoka wapi. Nadhani alicheka na wengine mwanzoni, au alijaribu. Lakini nilipogeuka kumtafuta nilimkuta ameshasimama. Akaja. Alipita katikati ya wanawake waliokaa, akapita mbele ya wazee, akafika mpaka kwenye jeneza la baba mkwe wake ambaye hakuwahi kumkaribia kupita mlango wa jikoni. Vicheko vikakatika. Nilimsikia mtu anauliza huyu mkwe vipi, na shangazi akawa ameshainua mkono kumzuia.

"Mwacheni," yule mzee Mnyamwezi akasema kutoka mlangoni, na hakusema kwa sauti ya Babu, alisema kwa yake. "Mtani wenu huyo. Leo ana haki."

Mama akapiga magoti nyuma yangu. Akapitisha mkono wake juu ya ukingo wa jeneza, juu kabisa ya kifua cha Babu, akanikamata mkono mahali palepale Babu alipokuwa ananikamata. Akasema kwa sauti nzito, sauti ya Babu, ambayo iliyumba njiani lakini ilifika: "Mwizi wewe. Niachie karanga zangu."

Hapo nikajua. Hakuna aliyeniambia, na sikuhitaji kuambiwa. Kama angekuwepo asingekubali mtu mwingine aseme maneno yake.

Mama alinibeba nje, mtoto mkubwa mimi, miguu inagonga magoti yake, mpaka nyuma ya zizi. Nililia pale mpaka nikatapika karanga. Alinifuta mdomo kwa khanga yake, akanishika uso. "Umefanya vizuri sana," akaniambia. "Hakuna mtu aliyejaribu kama wewe." Hakuniambia nisilie. Alilia na yeye, na tulirudi kwa wengine wakati wanaimba.

Tuliporudi mjini nyumba ilikuwa kimya, shuka la Babu limekunjwa juu ya kochi. Nilidhani mama ataacha ule mchezo. Hakuacha. Mwishoni mwa wiki aliwaita wanafunzi wenzake wafanyie mazoezi sebuleni kwetu, na mtumishi alikuwa kijana mmoja mrefu wa Kondoa, mcheshi, anayejua kutoa macho na kuanguka vizuri. Akaanza kula kwa vituko. Mama akamsimamisha. Nilikuwa mezani nafanya hesabu zangu.

"Usichekeshe," mama akamwambia.

"Sasa si mchezo wa kuchekesha, mama?"

"Ndiyo. Lakini wewe usichekeshe. Wewe mwamshe." Akamwonyesha yule aliyelala kwenye kochi. "Huna mtu mwingine duniani ila huyu mzee. Anakunyima, anakutukana, na ni wako. Unajua anapenda chakula chake kuliko roho yake. Kwa hiyo unakila. Ukifika chini ya sahani hajaamka, basi hajaamka. Mwamshe."

Yule kijana alimtazama mama, akanitazama mimi, akarudi kwenye kochi akaanza upya.

Siku ya kuonyesha, baba alivaa suti na tukapanda bajaji mpaka chuoni, akanikalisha mstari wa pili. Mfuko wa koti lake ulikuwa na karanga alizonunua njiani, maana mama aliacha zile za kwenye gunia zitumike jukwaani badala ya pilau. Taa zikawaka. Pale mbele kulikuwa na mtu amelala, khanga mpaka kidevuni, na usoni pua ya kibuyu iliyopinda kushoto. Baba alinishika goti. Kijana wa Kondoa akavuta kigoda, akatafuna, akainama, akasema kwa upole kabisa, bwana, karanga zinaisha.

Ukumbi ulicheka. Walicheka walimu, wakacheka wanafunzi, wakacheka mpaka wakapiga viti, kama wale wanawake wa kwenye mikeka, na kijana hakuwatazama hata mara moja. Alikuwa anamtazama mzee. Bakuli likapungua. Vicheko vikaanza kupungua pia, mmoja mmoja, kwa sababu mzee alikuwa amepitiliza, mchezo ulisema aamke na hakuamka. Ukumbi mzima ukanyamaza. Nilisikia karanga ya mwisho inavyotafunwa. Mama alikuwa ameuacha ule ukimya ukae kwa muda ambao sikudhani mtu mzima angeuweza.

Kisha mkono ukachomoka, chafya ikapigwa, na pua ya kibuyu ikainuka. Watu walisimama wakapiga makofi kama wamefufuliwa wao. Mwalimu wake, yule wa maneno machache, alikuwa amevua miwani anaifuta. Mama alifaulu, na mtaa ulilazimika kutafuta jambo lingine. Lakini wakati ule sikuwa nawaza hayo. Nilimtazama baba. Alikuwa anacheka, na machozi yanamshuka mpaka kwenye tai, yeye ambaye kijijini hakulia mbele ya mtu.

Nikamvuta mkono wa koti. "Baba, kwa nini huyu ameamka?"

Hakuona swali langu ni la kitoto. Alifikiri kwanza, huku anajifuta.

"Huyu mama yako kamwamsha," akasema. "Yule wetu alikuwa amechoka. Tumwache alale."

Nikakubali. Nikaingiza mkono mfukoni mwake nikatoa karanga, nikala moja moja, taratibu, wakati watu wanatoka. Zilipobaki chache nikazirudisha mfukoni.